Mwaka Konokono Wetu Walipohamia Uganda

Dk. Domitila alipostaafu alikataa kuagwa ukumbini. Alisema hataki kukabidhiwa saa ya ukutani mbele ya watu wanaosinzia. Kama tunamtakia heri, tumpeleke Nyaishozi akale ndizi za Ma Asteria. Basi mwezi uliopita tukakutana huko: yeye aliyekuwa mkuu wetu, Festo aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta, na mimi niliyekuwa mchapaji. Ma Asteria, mwenye nyumba tuliyopanga mwaka ule, siku hizi anatembea kwa mkongojo, lakini bado hamruhusu mtu mwingine kushika mwiko jikoni kwake. Nilipomwamkia shikamoo aliniangalia muda mrefu, kisha akamgeukia Dk. Domitila. "Yule mtoto wa duka aliyekuja hapa na viatu vyeupe alienda wapi?" Nikamwambia ndiye mimi, Rukia. Akatikisa kichwa. "Siye. Yule alikuwa anaogopa vumbi." Tukacheka mpaka Festo akapaliwa, na kwa kuwa chakula kilikuwa bado jikoni, tukaanza kuusimulia upya ule mwaka mmoja, kila mtu akimkosoa mwenzake. Niliporudi nyumbani niliwaza kwamba ingefaa niandike yangu kabla Festo hajaeneza ya kwake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kozi fupi ya kompyuta pale Kayanga, nikisaidia dukani kwetu huku nasubiri kwenda Dar es Salaam kusomea uhasibu. Mpango ulikuwa umeshapangwa, na mimi niliupenda kama mtu anavyopenda nguo aliyonunuliwa: hakuichagua, lakini inamtosha. Ndipo ikasikika kwamba kuna mama msomi wa miamba amepanga nyumba Nyaishozi na anatafuta mtu wa kuchapa. Nilidhani ningekaa nusu mwaka, nipate cha kufanya wakati nasubiri. Nilipofika na begi langu, sebuleni hapakuwa na kochi wala meza ya kahawa. Palikuwa na mawe. Yalipangwa kwenye mbao ukutani, yalijaa chini ya madirisha, mengine yalikuwa chumbani chini ya kitanda nilichoonyeshwa kuwa changu. Majirani walishaipa ile nyumba jina la amabare, yaani mawe kwa Kinyambo, na mtu akiuliza njia aliambiwa, "Pita kwenye amabare, kisha kata kushoto."

Dk. Domitila alikuwa Mhaya mrefu, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza na uvumilivu wa kusubiri mtu amalize kukosea. Siku ya kwanza alinipa jiwe lenye rangi ya kutu akaniuliza naona nini. Nikasema naona jiwe. "Vizuri, hujadanganya," alisema, kisha akanifundisha kuangalia: rangi, ukubwa wa chembe, unene wa tabaka, kama kuna alama ya kiumbe aliyekufa zamani, yaani kisukuku, na zaidi ya yote, lilikotoka. Alinieleza kwamba milima yote ya Karagwe niliyoikanyaga tangu utoto ilikuwa mashapo, mchanga na tope lililotulia chini ya maji, likakandamizwa na kupikwa mpaka likawa mwamba, kabla ya kuwepo mnyama yeyote mwenye mfupa. Lakini kule mtoni Kagera, kwenye kingo za upande wa Kyerwa ambayo siku hizo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe, kulikuwa na mashapo machanga yenye magamba ya konokono wa maji na meno ya samaki. "Hao ni wa juzi tu," alisema. Nikamuuliza juzi ya lini. "Juzi ya mawe. Hapakuwa na mtu wa kuhesabu."

Shida, alivyoieleza, haikuwa kukosa mawe. Shida ilikuwa kwamba kila mtafiti alikuwa na kabati lake na ufunguo wake. Wa kwetu alichimba upande huu wa mto, wa Uganda akachimba ng'ambo, wa Rwanda akachimba kwake, na wote walikufa au kustaafu bila kuonyeshana. Tabaka moja likawa na majina matatu. Ile kazi yetu ilikuwa kuyaingiza yote kwenye kanzidata ya pamoja, ili aliye Kampala au Kigali afungue kompyuta yake na kuona kilichopo Nyaishozi kana kwamba amekaa sebuleni kwetu. Leo jambo hilo halishangazi mtu. Wanafunzi wangu hulalamika picha ikichelewa kufunguka. Siku zile wazee wengi wa fani waliliona kama wehu. Nilimsikia mmoja wao, profesa mwenye kofia ya pama aliyekuja kututembelea, akimwambia Dk. Domitila barazani, "Mwanangu, ukimpa mtu data zako umempa shamba lako. Atavuna yeye, wewe utabaki kuhesabu visiki." Dk. Domitila alimjibu kwa heshima, "Profesa, shamba langu ni kubwa, na mkono wangu ni mmoja."

Nikikumbuka nyumba ile nakumbuka kwanza harufu: majani ya mgomba yakifunika chungu, moshi, na vumbi la mawe yaliyosuguliwa kwa burashi. Ma Asteria alipika ndizi na maharage katika chungu kimoja, akiweka samli ya maziwa ya ng'ombe wake mwishoni. Jumapili Festo na wenzake wa kanisani walipoagiza kitimoto, nyama ya nguruwe, yeye alinitengea sufuria yangu, mwiko wangu na hata mafiga yangu upande wa pili wa uwanja, akikaa kuyalinda kama askari asije mtu akachovya. "Mtoto wa Kiislamu amekuja kwangu akiwa safi," aliwaambia, "ataondoka kwangu akiwa safi." Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika hakuna aliyefanya kazi asubuhi, tulikaa sote uani tukichambua mabawa na miguu, Dk. Domitila akituambia majina ya miamba na Ma Asteria akituambia majina ya watu waliowahi kuiba senene wa watu.

Siku moja likapotea jiwe bapa lililotoka kilimani Igurwa, lenye mikunjo midogomidogo ya mawimbi. Ni mawimbi kweli, maji yalipita juu ya mchanga siku fulani yakauacha umekunjamana, na mchanga ukaganda hivyohivyo. Dk. Domitila alilipenda kuliko mawe yote. Tulitafuta chini ya vitanda, tukahoji majirani, Festo akaanza kutunga habari za wezi wa madini. Mchana Ma Asteria alipofunua chungu cha maharage, tuliliona jiwe letu likikandamiza kifuniko. "Mnatafuta hili?" aliuliza. "Limekaa vizuri. Halitelezi, lina makunyanzi." Dk. Domitila alilipokea kwa kitambaa, akalipuliza, kisha akaniambia niongeze kwenye maelezo yake: limepata moshi wa jikoni, Nyaishozi. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alisema lolote linalolipata jiwe lazima liandikwe, hata likiwa la aibu, kwa sababu atakuja mtu siku moja kulipima na kushangaa masizi hayo yametoka katika enzi gani.

Katikati ya mwaka ndipo mambo yalipochacha. Tulikuwa tumetuma sehemu yetu ya kwanza, ikachanganywa na ya Uganda na ya Rwanda. Intaneti ilikuwa Kayanga tu, hivyo Festo alikwenda huko kuchukua majibu, akarudi na ramani iliyochapwa kwa rangi pamoja na barua pepe ya mtafiti kijana wa Uganda aitwaye Byaruhanga. Festo alikuwa kijana wa Rugera, mwepesi wa maneno, anayepiga mluzi akifanya kazi. Aliibandika ramani ukutani, akaanza kututafutia nukta zetu za mtoni. Mluzi ukakatika. Ukingo wa Kagera ulikuwa mtupu. Hapakuwa na konokono hata mmoja. Nukta zetu zote za konokono zilikuwa zimejipanga mbali kaskazini, ng'ambo ya ikweta, kwenye mwambao wa Ziwa Albert.

Festo alielewa kosa kabla hatujauliza. Sisi tulikuwa tunaandika latitudo kwa kuweka herufi ya kusini pembeni, lakini kanzidata ya pamoja ilitaka namba tupu, na mahali pa kusini mwa ikweta patanguliwe na alama ya kutoa. Programu aliyoiandika Festo iliondoa herufi zote ikasahau kuweka ile alama. Kistari kimoja. Bila hicho kistari, konokono wa Kyerwa walivuka ikweta na kwenda Uganda bila pasi. Ingekuwa ni kichekesho tu kama si ile barua pepe. Dk. Domitila aliisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. Byaruhanga alikuwa akitushukuru. Alikuwa anaandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya ziwa hilo, na kwa konokono tuliowaweka pale ameona kwamba zamani maji yake yalifika mahali ambapo hakuna aliyewahi kufikiria. Ameshaandika sura nzima. Ataiwasilisha kwenye mkutano wa nchi tatu, uleule ambao wafadhili wangeamua kama kanzidata iendelee au ifungwe.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naosha vikombe kwenye kichanja chini ya dirisha la sebule, na wao walikuwa ndani. Nilimsikia Festo akisema, kwa sauti ya mtu asiyelala, kwamba anaweza kuzirudisha nukta mahali pake kimyakimya. "Naweka alama, natuma upya. Hakuna atakayejua." Dk. Domitila akamuuliza, "Na Byaruhanga?" Festo akasema Byaruhanga ataona mwenyewe nukta hazipo, atadhani amechanganya. "Ndiyo," alisema Dk. Domitila, "atajiona mwehu, na sisi tutakuwa salama. Na siku akigundua, hataamini tena jiwe lolote linalotoka kwetu, na atakuwa na haki." Kisha Festo akauliza kitu ambacho sikukitegemea: nani atamwambia. Dk. Domitila akasema, "Nikimpigia mimi itakuwa mkuu anampigia mdogo, atanikubalia kila kitu na moyoni asinisamehe. Wewe utaomba radhi mpaka yeye aanze kukubembeleza. Mpe Rukia." Festo akasema, "Rukia ataondoka tu, mama. Yule ni mtu wa duka, anasubiri Dar." Nikasubiri jibu huku povu likinikaukia mikononi. "Kwa hiyo hajui kuongea na mteja?" alisema Dk. Domitila.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini maneno yale yalinigusa kuliko sifa yoyote niliyowahi kupewa. Nadhani ni kwa sababu mpaka siku ile nilidhani nimekwenda kwenye ile nyumba licha ya kutoka dukani. Yeye aliona duka ni sehemu ya nilichokuja nacho. Nilikulia nyuma ya kaunta, nikajua Kinyambo kwa wanunuzi ingawa nyumbani tulizungumza Kiswahili cha wazee wetu waliotoka pwani, na nilijua namna ya kumwambia mtu kwamba sukari aliyolipia haijafika bila kumfanya ajione mjinga.

Tulipanda kilimani kutafuta mtandao, na nikampigia Byaruhanga kwa Kinyambo, ambacho kwa mtu wa lugha za ng'ambo kinasikika kama cha binamu yake. Akafurahi kusikia lugha ya jirani. Tukasalimiana kwa kirefu, nikamuuliza habari za masomo, kisha nikamwambia wazi: konokono wale hawako Albert. Wako Kagera. Tulisahau alama ya kusini. Nilisikia upepo, na nyuma yake mtu akiuza kitu barabarani. Dk. Domitila alikuwa amenigeuzia mgongo akiangalia bonde, ili nisimwone uso. Hatimaye Byaruhanga akasema, "Wote?" Nikasema wote. "Hata wale wakubwa?" Nikasema hata wale. Akashusha pumzi. "Dada, nimeshamwambia baba yangu. Ameshawatangazia kanisani." Sikujua nicheke au nilie, na nadhani yeye pia hakujua, kwa maana sauti iliyofuata ilikuwa ya vyote viwili. Nikamwambia konokono wako salama, mahali pake pako wazi, na akitaka kuwaona tutampeleka wenyewe. "Nakuja," alisema. "Safari hii nataka niwashike kwa mkono."

Akaja. Tulimpokea Murongo mpakani, kijana mwembamba mwenye miwani na nyundo ya kijiolojia iliyotokeza kwenye mfuko. Festo alikuwa ameandaa hotuba ya kuomba radhi njia nzima kutoka Nyaishozi. Alipoianza Byaruhanga akamkatiza: "Kaka, nipeleke kwanza. Utaniomba radhi tukishakula." Tukashuka mtoni kupitia shamba la migomba ya watu waliotupa mahindi ya kuchoma na kutuonya juu ya viboko. Ukingo ulikuwa umekatwa na maji kama keki: udongo mwekundu juu, chini yake mchanga, halafu utepe mweupe mwembamba, na chini ya huo utepe ndipo konokono, wengi kama punje za mtama. Byaruhanga alipiga magoti akamtoa mmoja kwa ncha ya kisu. Akamtazama konokono yule kwa muda mrefu. Kisha akakaa kwenye nyasi akala hindi lake lote, punje kwa punje. Alikuwa amepoteza sura nzima ya tasnifu yake, na mtu hawezi kuharakishwa kuizika.

Alipomaliza alisimama kurudi kwenye ukingo, akashika ule utepe mweupe kwa kidole, akaufuata pole pole kama kipofu anayesoma ukuta. "Huu mmeuandikaje?" aliuliza. Dk. Domitila akamtajia jina letu. Byaruhanga akageuka akatazama ng'ambo ya mto, upande wa kwao. "Sisi tunao huu," alisema. "Pale, nyuma ya ile miti. Tunauita jina jingine. Tuna meno ya samaki chini yake, hatukuwa na konokono." Nilikuwa na kompyuta ya mapajani yenye betri inayokata roho. Niliweka maelezo yao na yetu kando kwa kando: unene uleule, rangi ileile, chembe zilezile, meno kwao na magamba kwetu. Lilikuwa tabaka moja lililokatwa na mto. Tulilisoma miaka yote kama watu wawili wanaosoma nusu ya gazeti kila mmoja, wakidhani ni magazeti mawili. Byaruhanga aliniuliza kama kanzidata ina mahali pa kuandika kwamba vitu viwili ni kitu kimoja. Festo akasema hapana. Kisha akasema, "Mpaka kesho."

Mkutano ulikuwa Bukoba. Dk. Domitila alizungumza wa kwanza na kuanza na kosa, kabla ya mafanikio yoyote, akionyesha ile ramani ya konokono wakiwa Albert. Profesa mwenye pama aliguna ukumbi mzima ukasikia. "Nilisema," akawaambia waliokaa karibu. "Kila mtu na kabati lake." Nilimwona Festo akizama kwenye kiti. Niliona pia wageni wa ufadhili wakiandika, na nikaelewa kwamba nyumba ya amabare inaweza kufungwa kabla ya kahawa kuiva. Ndipo Byaruhanga akaomba nafasi. Alisema yeye ndiye aliyeumizwa na kosa hilo, kwa hiyo aachiwe alisemee. "Konokono hawa wangekaa kabatini, profesa, wangekuwa na kosa lolote na sisi tusingejua mpaka tufe. Mimi niliwatumia katika tasnifu yangu, ndiyo maana kosa likaonekana. Nimepoteza sura moja." Akaweka ramani nyingine, ya Kagera, kingo zote mbili zikiwa na rangi moja. "Nimepata hii. Na nimepata watu wa kunipigia simu wakikosea. Hao siwaoni kwenye kabati." Mzee mmoja wa Rwanda akauliza utepe ule mweupe una unene gani, maana na wao wana kitu kama hicho. Mjadala ukahama. Waliongelea utepe mpaka chai ikapoa, na profesa mwenye pama ndiye aliyeongea kuliko wote. Kumbe katika kabati lake alikuwa na vipande vyake na alikuwa amechoka kuwa peke yake navyo.

Kanzidata ikaendelezwa, kwa sharti moja lililotokana na sisi: kila rekodi itunze historia ya makosa yake, lini yalionekana, nani aliyasahihisha. Mpaka leo ukifungua konokono wa Kyerwa utakuta imeandikwa kwamba waliwahi kuwekwa Ziwa Albert kimakosa, na jina la Festo lipo hapo. Yeye hujidai nalo kuliko shahada yake.

Baada ya mkutano Dk. Domitila aliniuliza kama bado nakwenda kusoma uhasibu. Nikamwambia naona ningependa mawe. Hakushangaa, aliniambia tu nianze kujaza maombi. Aliyeshangaa ni Ma Asteria. "Mawe?" alisema, akiacha kumenya. "Msichana mwenye akili yako? Soma udaktari. Mtu anaumwa. Jiwe limewahi kuumwa?" Nilijaribu kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaokota ndizi nyingine, akasema kwamba basi nisome vizuri, kwa sababu kazi ya kipuuzi inataka mtu hodari.

Niliondoka kwenda chuo asubuhi moja mwishoni mwa msimu wa kahawa, nikapanda basi la Kahama pale kituoni, sote tukiwa tumelia vya kutosha na Festo zaidi. Nilikaa dirishani. Barabara kuelekea Benaco imekatwa kwenye vilima, na kila kilima kilichokatwa kilikuwa kimefunua tumbo lake: tope la kale, mchanga wa kale, tope tena, yamepinda na kusimama wima mahali ambapo yalikuwa yamelala. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara nyingi utotoni na sikuwahi kuona kitu. Mzee aliyekaa kando yangu, mfanyabiashara wa maharage, aliniuliza kwa upole ninatazama nini hivyo. Nikaanza kumweleza, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikupumzika. Kabla hatujafika Benaco alikuwa ameomba kuhamia kiti cha nyuma, na mimi nikasogea, nikaweka begi langu mahali pake, nikaendelea kutazama.